Nimeanza gitaa na miaka 19, sisomi nota: njia ya jazi bado ipo?

Swali: Nina miaka 24 na napiga gitaa tangu nilipokuwa na 19. Sisomi nota, na mchana nina ajira isiyohusiana kabisa na muziki. Napenda jazi, na napenda magitaa ya Mali na Guinea. Kila nikisoma wasifu wa wanamuziki wakubwa naona ama walizaliwa katika nyumba za wanamuziki, ama walipita chuo chenye jina. Wapo waliofika bila hayo mawili? Na kazi yenyewe hujengwa vipi?

Jibu: Wapo, na wa kwanza wa kumtazama ni mpiga gitaa mwenzako. Wes Montgomery alizaliwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1923. Utotoni alikuwa na gitaa dogo la nyuzi nne alilopewa na kaka yake, lakini gitaa la nyuzi sita alilishika kwa dhati akiwa anakaribia miaka 20, baada ya kusikia santuri za mpiga gitaa Charlie Christian. Nota hakuzijua. Alichofanya ni kukariri solo za Christian moja baada ya nyingine, sauti kwa sauti, mpaka klabu moja ikamwajiri azipige hizo hizo tu, zikiisha, anakaa. Na kwa kuwa alijifunzia nyumbani usiku watu wakiwa wamelala, aliweka piki, kile kipande kidogo cha kugusia nyuzi, kando akapiga kwa ubavu wa kidole gumba ili sauti iwe ya chini. Ile sauti nene na laini ambayo wapiga gitaa wanaihangaikia hadi leo ilianza hivyo, kwa mtu asiyetaka kuwaamsha wengine.

Sasa tazama ratiba yake ya miaka ya 1950. Alfajiri anaingia kiwandani, anatoka mchana. Saa tatu usiku yuko baa na gitaa mpaka saa nane. Kutoka hapo anahamia klabu nyingine iliyofunguliwa baada ya saa za kawaida, anapiga mpaka kunakaribia kupambazuka. Ana mke na watoto wengi wa kulisha. Mwaka 1959 mpiga saksofoni Cannonball Adderley akamsikia, akampigia debe kwa prodyuza wake, na Montgomery akapata mkataba wa kurekodi kama kiongozi akiwa na miaka 36. Wasifu mfupi utakuambia: "Alijifundisha mwenyewe, akagunduliwa 1959." Katikati ya sentensi hiyo mna miaka zaidi ya kumi na tano ya kupiga mbele ya watu, pamoja na karibu miaka miwili ya kuzunguka na bendi kubwa ya Lionel Hampton kuanzia 1948.

Ndiyo maana nasema swali la "alitoka wapi" linaeleza kidogo. Linaloeleza zaidi ni "alipiga wapi kila usiku, kwa miaka mingapi, na pale jukwaani mkubwa wake alikuwa nani". Wasifu huliandika hilo kwa mstari mmoja, "alipiga na bendi ya fulani", na msomaji huuruka akikimbilia tuzo. Wewe urudie mstari huo, maana ndimo ilimo kazi.

Tuanze na hizo nyumba za wanamuziki zinazokutia hofu. Toumani Diabaté alizaliwa Bamako, mji mkuu wa Mali, mwaka 1965 katika ukoo wa majeli, watunza historia na nyimbo wa Wamandinka, na baba yake Sidiki alikuwa bingwa wa kora, chombo cha nyuzi kinachofanana na kinubi. Ungedhani alikalishwa akafundishwa. Lakini baba alikuwa safarini mara nyingi, na Toumani alijifunza kwa kusikiliza zaidi ya kufundishwa. Kilichompa ukomavu ni kumsindikiza mwimbaji Kandia Kouyaté akiwa kijana mdogo: kukaa nyuma ya sauti ya mtu mwingine na kujua lini unyamaze. Mwaka 1988 ilipotoka albamu yake ya kwanza, alisikika peke yake akipiga besi, msindikizo na solo kwa wakati mmoja kwa vidole vinne, gumba na shahada za mikono yote miwili, bila kurekodi tabaka juu ya tabaka.

Nyumba pia inaweza kuwa kizuizi. Mwimbaji Salif Keita wa Mali, aliyezaliwa 1949, ni wa ukoo wa kifalme wa akina Keita, na kwa desturi ya Wamandinka mtu wa ukoo huo haimbi. Kuimba ni kazi ya majeli. Familia ilikataa. Akaenda Bamako, akaimba kwenye mabaa, na mwaka 1970 akaingia Rail Band, bendi iliyokuwa inapiga kwenye hoteli ya stesheni ya reli. Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan alizaliwa katika ukoo wa waimbaji wa kawali, nyimbo za dini za Kisufi, wa vizazi na vizazi, lakini baba yake alitaka awe daktari. Naye Ravi Shankar, mpiga sitar wa India, hakuzaliwa kwa wanamuziki wa kazi hiyo hata kidogo: alikuwa mcheza dansi katika kundi la kaka yake lililozunguka Ulaya, na mwaka 1938, akiwa na miaka 18, aliacha taa za majukwaa akaenda mji mdogo wa Maihar kukaa kwa mwalimu wake Allauddin Khan. Alikaa huko miaka kadhaa, akifanya mazoezi kutwa. Ukoo hukupa hazina ya nyimbo na sikio lililozoea. Kazi yenyewe kila mmoja huijenga upya.

Vyuo navyo nitavisema kwa kifupi. Chuo cha Berklee kilianzishwa Boston mwaka 1945, na chuo cha North Texas kilianza kutoa shahada ya jazi mwaka 1947. Louis Armstrong alikuwa ameshabadilisha muziki huu miaka ya 1920, kwa hiyo vyuo vilikuta njia imeshachongwa. Mpiga tarumbeta Miles Davis, mtoto wa daktari wa meno, alikwenda New York mwaka 1944 kwa jina la kusoma chuo cha muziki cha Juilliard, lakini usiku alikuwa anamsaka mpiga saksofoni Charlie Parker klabu hadi klabu. Mwaka uliofuata yumo kwenye bendi ya Parker na shule ameiacha. Hugh Masekela alisoma Manhattan School of Music, kweli, lakini alipofika pale alikuwa ameshapiga tarumbeta tangu ujana wake mdogo katika bendi ya shule, kwenye tamthilia ya muziki na katika kundi la jazi huko Afrika Kusini. Mulatu Astatke wa Ethiopia alipelekwa Wales akasomee uhandisi, akageukia muziki, akawa Mwafrika wa kwanza kusoma Berklee. Chuo kinakupa mambo mawili yenye thamani: wenzako wa rika moja mtakaopiga nao miaka ishirini, na sababu ya kukaa katika mji wenye klabu. Ukivipata hivyo kwa njia nyingine, umepata sehemu kubwa ya chuo bila deni lake.

Kuna mlango wa tatu ambao nadhani ndio mpana kuliko yote, na wasifu huutaja kwa haraka mno: taasisi isiyo ya muziki yenye vyombo na mshahara. Armstrong alipata mafunzo yake ya kwanza ya dhati ya koneti, ndugu mfupi wa tarumbeta, katika nyumba ya kurekebishia watoto ya New Orleans, alikopelekwa baada ya kufyatua bastola hewani mkesha wa mwaka mpya wa 1913. Mpiga saksofoni John Coltrane alipiga katika bendi ya jeshi la majini huko Hawaii. Mpiga gitaa Ali Farka Touré alikuwa fundi wa sauti kwenye redio ya taifa ya Mali, na Ravi Shankar alifanya kazi redio ya taifa ya India. Bembeya Jazz ya Guinea ilianza kama bendi ya mji wa Beyla, ikaja kuwa bendi ya taifa mwaka 1966, wanamuziki wakilipwa na serikali. Kanisa, hoteli, meli, polisi, redio: popote penye vyombo vilivyofungwa tayari na ratiba ya kila wiki, hapo pana shule.

Kwa nini jukwaa la kila wiki lifundishe kile ambacho chumbani hakifundishiki? Kwa sababu chumbani ukikosea unasimama. Jukwaani wimbo hausimami. Mfano maarufu ni wa Parker mwenyewe. Mwaka 1936 huko Kansas City, akiwa na miaka 15 au 16, alipanda jukwaani na wakubwa, akapotea katikati ya wimbo, na mpiga ngoma Jo Jones akarusha tasa la shaba sakafuni kumwambia atoke. Tatizo lake halikuwa vidole. Alikuwa anajua nyimbo chache katika funguo chache (ufunguo ni ile sauti ambayo wimbo mzima unaiegemea). Wimbo ulipohamia asikokuzoea, sikio lake halikujua liko wapi. Kiangazi cha 1937 alichukua kazi ya bendi kwenye hoteli za mapumziko za milima ya Ozark, akabeba santuri ambamo Lester Young alipiga saksofoni, akajifunza solo zake. Aliporudi, watu hawakumtambua. Zingatia hili: hakwenda kujificha. Alikwenda kwenye kazi ya bendi, akijifunza mchana na kupiga usiku.

Art Blakey, mpiga ngoma, aliifanya bendi yake ya Jazz Messengers kuwa chuo kwa zaidi ya miaka 30. Lee Morgan, Wayne Shorter, Freddie Hubbard, Wynton Marsalis, wote walipita humo wakiwa vijana, na aliwataka walete tungo zao wenyewe. Ukitaka kujua kazi ya mwanajazi yeyote ilivyojengwa, tafuta nani alimpa nafasi ya kukosea kwa malipo.

Basi wewe ufanye nini? Usiache ajira yako. Mwimbaji wa jazi Gregory Porter alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2010 akiwa na miaka 38. Mpiga saksofoni Joshua Redman alimaliza Harvard mwaka 1991 akiwa ameshakubaliwa kusomea sheria Yale. Akashinda shindano la kimataifa la jazi la Thelonious Monk mwaka huo huo, na sheria ikaishia hapo. Ajira ya mchana ndiyo itakayokuwezesha kukataa mkataba mbaya, na hilo si jambo dogo.

Anza na sikio. Chagua solo fupi ya vipimo 8 mpaka 16 (kipimo ni fungu moja la mapigo, mara nyingi manne). Charlie Christian anafaa sana kwa kuwa mistari yake iko wazi. Siku tatu za kwanza usiguse gitaa, iimbe tu mpaka uweze kuiimba santuri ikiwa imezimwa. Kisha punguza kasi hadi asilimia 70 na utafute sauti moja moja kwenye waya. Ukishaipata yote, iandike juu ya kodi za wimbo, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ujue kila sauti ndefu imekaa kwenye sehemu gani ya kodi: ya tatu, ya tano, ya saba. Halafu chukua kifungu kimoja tu unachokipenda, ukihamishe kwenye funguo zote 12. Kosa la wengi ni kuchukua namba za vidole zilizoandikwa na mtu mwingine. Vidole vinajifunza, sikio linabaki vile vile, na jukwaani siku mpiga saksofoni anapotaka ufunguo mwingine unakwama palepale alipokwamia Parker.

Hapo kwenye funguo kuna mtego maalumu kwa wapiga gitaa. Nyumbani tunapenda E na A kwa sababu nyuzi wazi zinasaidia. Tarumbeta na saksofoni zimeundwa kwa B flati na E flati, kwa hiyo wenye vyombo vya kupuliza wanapenda B flati, E flati na F, na nyimbo nyingi za jazi zimekaa huko. Jifunze kwanza bluzi ya vipimo 12 katika F na B flati, wimbo mmoja wa vipimo 32 wenye kodi zinazokwenda kasi, mmoja wa taratibu, mmoja wa huzuni katika ufunguo mdogo (minor), na mmoja wa mapigo matatu. Wimbo mmoja kwa wiki mbili ukiukariri kweli, melodi, kodi na besi yake, miaka miwili unafikisha nyimbo 50. Hapo unaweza kuitwa bendi nyingi ukakaa usiku mzima bila karatasi.

Saa ya mdundo, metronomu, usiitumie kwa kila pigo. Iweke kwenye 50, kila mlio uuhesabu kuwa pigo la pili na la nne, ili wimbo uende kwa kasi ya 100. Mwanzoni baada ya dakika moja hivi utajikuta unausikia mlio kama pigo la kwanza na la tatu. Maana yake umekimbia au umechelewa bila kujua. Rudia. Jirekodi kila Jumamosi wimbo mmoja, usikilize Jumapili, si siku hiyo hiyo, maana mkono ukiwa bado na joto sikio linauonea huruma.

Na sasa lililo kubwa kuliko yote kwa mpiga gitaa: usindikizaji. Katika bendi ya watu watano zamu yako ya solo ni sehemu ndogo ya usiku. Muda uliobaki unawasindikiza wengine, na ni kwa usindikizaji utaitwa tena au utasahauliwa. Mpiga gitaa Freddie Green aliingia bendi ya Count Basie mwaka 1937 akakaa humo mpaka alipofariki mwaka 1987, miaka 50, na solo alizopiga ni za kuhesabika. Sikiliza anachofanya: pigo nne kwa kila kipimo, fupi, na mara nyingi ndani ya kodi inayosikika kweli ni sauti moja au mbili za waya wa nne. Kwako wewe, chukua sauti ya tatu na ya saba ya kodi tu, uziweke kwenye waya wa nne na wa tatu. Nyuzi mbili nene mwachie mpiga besi. Ukizipiga kila mara mnagongana naye na bendi inasikika ya matope. Kukiwa na piano, ulizana naye kabla wimbo haujaanza nani anasindikiza solo ya nani. Mkisindikiza wote wawili kwa pamoja, anayeumia ni mpiga solo.

Kwa upande wa Mali na Guinea, magitaa unayoyapenda yametoka kwenye kora, ngoni (chombo kidogo cha nyuzi) na balafoni (vibao vya mbao vya kugongwa), kwa hiyo sikiliza vyombo hivyo kabla ya magitaa yenyewe. Wapiga kora wa Kimandinka wana maneno mawili yatakayokupangia mazoezi: kumbengo, ule mzunguko wa msingi unaorudiwa bila kuchoka, na birimintingo, mbio za sauti zinazoruka juu yake kisha zikarudi. Mgeni anakimbilia birimintingo. Mwenyeji humpima mtu kwa kumbengo: unaweza kuishika dakika kumi bila kuongeza kasi wala kuipamba? Piga kwa gumba na shahada tu, gumba likishika besi.

Shida ya pili ni mapigo. Mizunguko mingi ina mapigo madogo 12, na mtu wa jazi huyasikia kwa upande mmoja tu. Fanya hivi bila gitaa: hesabu 1 mpaka 12 ukitembea mahali pamoja, mguu ukianguka kwenye 1, 4, 7 na 10. Ukitulia, piga makofi kwenye 1, 5 na 9. Ukitulia tena, hamisha makofi kwenye 1, 3, 5, 7, 9 na 11, miguu isibadilike. Ikichukua mwezi, acha ichukue. Ukishika gitaa kabla ya hapo utapiga sauti sahihi mahali pasipo pake, na mwimbaji hatajua aingilie wapi.

Kuhusu nota: Montgomery hakuzisoma, mpiga piano Erroll Garner hakuzisoma, mpiga gitaa Django Reinhardt vilevile. Wote watatu walikuwa viongozi wa bendi, wakichagua nyimbo zao wenyewe. Anayeitwa studio kupiga kazi ya mtu mwingine hana anasa hiyo. Ron Carter, mpiga besi, ametambuliwa kwa rekodi zaidi ya 2,200 alizoshiriki, na namba kama hiyo haifikiwi na mtu wa kusubiri kuimbiwa melodi. Dakika 15 kila siku, kuanzia karatasi za kodi na kufuatia melodi za waya mmoja, zitakufikisha mahali pa kufanya kazi ndani ya mwaka.

Jina "muziki wa dunia" lenyewe, kama rafu ya dukani, lilipangwa mwaka 1987 katika kikao cha kampuni ndogo za rekodi kwenye baa moja London. Walitaka wenye maduka wajue waiweke wapi albamu isiyoangukia roki wala jazi. Lilifungua masoko, na likaleta simulizi ya "kugunduliwa" ambayo inawadhulumu wanamuziki. Chukua mwimbaji Ibrahim Ferrer wa Cuba. Utasoma kwamba alikuwa anang'arisha viatu Havana alipoitwa studio mwaka 1996 kurekodi albamu ya Buena Vista Social Club. Ni kweli. Ila kabla ya hapo alikuwa ameimba kwa miongo mingi, mingi yake na bendi ya Pacho Alonso, ndiyo maana akipewa maikrofoni bila mazoezi marefu alijua la kufanya. Mwimbaji Cesária Évora wa Cape Verde alirekodi Paris mwaka 1988 akiwa na miaka 46 au 47, na akajulikana duniani kwa albamu ya 1992. Aliimba kwenye mabaa ya Mindelo tangu ujana, akaacha kwa karibu miaka kumi, akarudi. Aliyempeleka Paris, José da Silva, alikuwa mfanyakazi wa reli nchini Ufaransa, si tajiri wa muziki.

Leo mlango wa soko hilo uko wazi zaidi. WOMEX, soko la kila mwaka lililoanza Berlin mwaka 1994, huwapa wateule dakika 45 jukwaani mbele ya waandaaji wa matamasha. Dakika 45 ni nyimbo saba au nane, na wengi huziharibu kwa kuongea sana na kuanza na wimbo wa kupashia mwili. Anza na ulio bora. Kabla ya kuomba nafasi kama hiyo uwe na video moja ya jukwaani isiyokatwakatwa, dakika nne hadi sita, sauti safi. Maelezo ya maneno 150. Na ukurasa mmoja wa mahitaji ya jukwaani: nani anasimama wapi, maikrofoni ngapi, vikuza sauti gani. Mwandaaji anaangalia video kuhakikisha kwamba bendi hiyo hiyo ndiyo itakayofika. Ukirekodi na watu wanane ukaja na watatu, hutaitwa tena.

Pesa sasa. Kila rekodi ina haki mbili: ya utunzi na ya rekodi yenyewe. Unaweza kuuza moja ukabaki na nyingine. Mpiga piano Herbie Hancock alipokuwa anaingia studio mwaka 1962 kwa albamu yake ya kwanza, Donald Byrd, mpiga tarumbeta aliyekuwa anamlea, alimwonya asitoe haki za utunzi: aseme tungo zake ziko tayari kwenye kampuni yake mwenyewe. Kampuni ya rekodi ilitaka haki hizo, Hancock akainuka kuondoka, wakakubali. Mmoja wa nyimbo hizo, "Watermelon Man", ulipigwa upya na Mongo Santamaría mwaka 1963 ukavuma sana, na mirabaha ikaja kwa aliyeutunga. Upande wa pili yuko Solomon Linda, aliyerekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939 na haki zake zikaenda kwa shilingi 10. Alifariki 1962 akiwa maskini, wimbo ukizunguka dunia; warithi wake walifikia makubaliano mwaka 2006.

Kwa hiyo siku wimbo unapokamilika mazoezini, kabla ya studio, andikeni karatasi moja: nani ametunga asilimia ngapi, jumla 100, wote mtie sahihi. Kisha usajili kwenye chama cha hakimiliki. Mkingoja mpaka wimbo ulipe, kila mtu atakumbuka alichangia nusu.

Kwenye maonesho, wakala kwa kawaida huchukua asilimia 10 mpaka 15, meneja 15 mpaka 20. Piga hesabu ya malipo ya sehemu 100: wakala 15, zinabaki 85. Meneja asilimia 15 ya hizo, zinabaki 72. Usafiri na malazi tuseme 28, zinabaki 44, watu wanne, kila mmoja 11. Ongeza mtu wa tano na gharama zake 7: zinabaki 37, kila mmoja saba na kitu. Ndiyo sababu viongozi wengi husafiri na watu watatu, au husafiri peke yao wakapiga na mpiga besi na mpiga ngoma wa mji wanaofikia. Hiyo ni nafasi yako. Mgeni wa namna hiyo anatafuta mtu wa mji anayejua nyimbo 50 na anayefika kwa wakati.

Jambo moja la afya nisiliruke, maana limekata kazi za wengi. Parker alifariki 1955 akiwa na miaka 34, mwili umechoka kwa heroini na pombe. Coltrane alifukuzwa bendi ya Miles Davis mwaka 1957 kwa dawa hizo hizo, akaziacha mwaka huo huo, akaingia bendi ya mpiga piano Thelonious Monk kwenye klabu ya Five Spot, na miaka kumi iliyobaki ya maisha yake ndiyo tunayomjulia. Kwako hatari ya karibu ni masikio na kifundo cha mkono. Kaa pembeni ya matasa ya ngoma, si mbele yake, vaa vizibo vya masikio, na ukihisi moto kwenye kifundo pumzika siku hiyo hiyo.

Kwa kuwa uliuliza pa kuanzia: tafuta usiku ambao bendi inaruhusu wageni kupanda jukwaani. Wiki tatu za kwanza nenda bila gitaa, uandike nyimbo zinazopigwa na funguo zake. Nyumbani jifunze mbili kati ya hizo. Wiki ya nne nenda mapema, jitambulishe kwa mpiga ngoma kabla ya kiongozi. Ukiitwa, taja wimbo, ufunguo na kasi, kisha pandisha sauti ya gitaa kidogo chini ya unavyopenda. Sindikiza wengine kwanza. Zamu yako ikifika piga mizunguko miwili ya wimbo, si mitano, umalizie kifungu kabla ya mzunguko kwisha ili anayefuata apate pa kuingilia. Ukishuka, muulize mpiga besi swali moja: "Ni wapi nilikukanyaga?" Atakuonyesha kipimo chenyewe, na hicho ndicho kitakuwa zoezi lako la wiki inayofuata.